Daraja Lisilo na Muhuri

Wiki ya safari baba alipita chumba kwa chumba akikusanya pasipoti. Ya Shangazi Filomena aliitoa kabatini chini ya vitenge, yangu akaichomoa kwenye mkoba bila hata kuniuliza. Akazifunga pamoja na yake kwa mpira, akazitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, akafunga na kifungo.

"Kaka, sisi ni watu wazima," shangazi alilalamika.

"Watu wazima ndio wanaopoteza pasipoti," baba akamjibu. "Watoto hawapewi."

Ndivyo alivyo Mzee Revelian. Alikuwa afisa uhamiaji pale Mutukula, mpakani na Uganda, tangu ana nywele nyeusi tii hadi alipostaafu hana hata moja. Sasa anakaa Kinondoni, ni mwenyekiti wa halmashauri ya walei parokiani kwetu, lakini mpaka haujamtoka. Mgeni akigonga geti, baba hamwulizi habari za nyumbani. Anamwuliza ametoka wapi, amekuja kwa nani na anakaa hadi lini. Mafundi bomba wameshamzoea.

Na mimi, Kokuberwa binti yake, mwalimu wa chekechea na mwimba sauti ya pili kwenye kwaya, nilikuwa nimebeba magendo moyoni ambayo baba na macho yake yote yale hakuyakamata kwa muda mrefu. Magendo yenyewe yaliitwa Albano.

Albano ni mchongaji, Mmakonde wa Mbagala, mtoto wa mchongaji. Alikuja parokiani kuchonga Njia ya Msalaba, akapewa kibanda nyuma ya kanisa, na ghafla mimi nikawa mtu wa kuwahi mazoezi ya kwaya kuliko mwalimu wa kwaya mwenyewe. Nilikuwa nakaa kwenye gogo, yeye anachonga, tunaongea mpaka maranda yananijaa kwenye nywele. Veronika wa kituo cha sita, yule anayempangusa Yesu uso, ana mashavu yangu. Parokia nzima imepiga magoti mbele yake na hakuna aliyegundua.

Kisha parokia rafiki ya Ujerumani wakaziona picha za kazi ile. Wakamwita kwa mwaka mmoja akasaidie kukarabati sanamu za mbao kwenye kanisa dogo la ngome yao ya kale. Aliyesaini ruhusa yake ni mwenyekiti wa halmashauri. Yaani baba yangu mzazi ndiye aliyemgongea muhuri mpenzi wangu akaondoka, huku akisema, "Kijana ana kipaji huyu," na mimi nalia katikati ya makofi, watu wakidhani ni machozi ya furaha.

Ameshaondoka ndipo shangazi akaona meseji zake kwenye simu yangu. Siku hiyo sebule yetu haikukalika.

"Mmakonde!" shangazi alipaza sauti. "Wa Mbagala! Mchonga vinyago! Na wewe Koku umesoma, una digrii yako!"

"Filomena, tuache unshomile, majivuno yetu haya ya Kihaya," baba akasema taratibu. "Kabila si hoja. Kazi si hoja. Mimi mwenyewe nimemsifu kanisani."

"Sasa hoja ni nini?"

"Hoja ni kwamba ameshavuka."

Baba alivua miwani. Akifanya hivyo ujue anaongea kitu kinachomuuma.

"Koku, mwanangu. Nimekaa dirishani miaka mingi. Kila kijana aliyevuka aliniambia anarudi. Wiki mbili, mzee. Mwezi mmoja, mzee. Nje ya ofisi yangu kulikuwa na benchi. Wanawake walikuja siku za gulio, wanakaa pale, wanatazama kila basi linaloteremsha watu. Kuna mmoja nilimwona akija na mimba, akaja na mtoto mgongoni, akaja na mtoto anayetembea. Basi halikumteremsha mtu wake. Mimi sikubali mwanangu akae kwenye lile benchi."

"Atarudi, baba."

"Akirudi, nitamsikiliza. Akiwa ng'ambo, simjui."

Ndiyo maana parokia ilipoalikwa kutuma wajumbe kule kule Ujerumani, baba alikosa raha. Yeye alikuwa kiongozi wa msafara kwa cheo chake, shangazi alikwenda kwa ajili ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kwaya ikanichagua mimi, pamoja na wajumbe wengine wachache. Kunitoa asingeweza bila kueleza sababu, na sababu yenyewe hakutaka Kinondoni nzima iijue.

Kwenye uwanja wa ndege wa kule abiria wote walipita mlango wa wasio na kitu cha kutangaza. Baba akaenda mlango wa pili, peke yake, ameshika kopo la senene, panzi wetu wa kukaanga, alilofungashiwa na shangazi.

"Ninacho cha kutangaza," akawaambia kwa Kiingereza chake cha serikali.

Maafisa wakafungua kopo. Wakatazamana. Wakamwita mwenzao, mwenzao akamwita bosi, na bosi akarudi nyuma hatua. Tulisubiri mpaka miguu ikavimba, na senene wakachukuliwa. Shangazi alinuna, lakini baba alitoka pale anatabasamu.

"Wako makini," akasema. "Nimewapenda."

"Kaka, wamechukua senene wetu!"

"Afadhali afisa anayechukua senene kuliko afisa asiyefungua kopo."

Mji tuliofikia una jina refu ambalo shangazi hakulimaliza hata mara moja, kwa hiyo sisi tuliuita Ngomeni. Ngome yenyewe imelala juu ya kilima, ndefu ajabu, ukuta baada ya ukuta, mnara baada ya mnara, ya tangu enzi za mabwana wa mapanga na farasi. Chini yake nyumba zimebanana kando ya mto, moja ya njano, moja ya pinki, moja ya kijani. Mto una daraja. Na ng'ambo ya daraja ni nchi nyingine kabisa, Austria.

Padre mwenyeji wetu, mzee mrefu aliyewahi kuishi Masasi na anayeongea Kiswahili cha mahubiri, alitupokea kwenye lango la ngome. "Ndugu wapendwa, karibuni sana," akasema. "Nimewaletea mtafsiri."

Mtafsiri akatokea nyuma yake, ndani ya koti pana lililokuwa la mtu mwingine, na maranda kwenye kola.

Jamani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiambia Koku, usicheke, usilie, salimia kama unavyomsalimia katekista. Albano aliniangalia mara moja tu, akashusha macho. Alikuwa amekonda kidogo. Kovu la patasi kwenye kidole gumba lilikuwa pale pale. Shangazi akanifinya mkono, kwa nguvu.

"Shikamoo, mzee," Albano akasema.

"Marahaba. Unakaa wapi hapa?"

"Ng'ambo ya mto, mzee. Huku vyumba havikupatikana."

"Ng'ambo ya mto si nchi nyingine?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo unavuka mpaka kwenda kazini."

"Asubuhi na jioni."

"Na muhuri?"

"Hawagongi, mzee. Hakuna mtu pale darajani."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa kijana huyu haogi. Nikajua pale pale kwamba alama zetu, chache tulizokuwa nazo, zimepungua.

Lakini ngome ilimlainisha. Sikutegemea. Kila ukuta ulikuwa na lango lake, kila lango lina kidirisha cha mlinzi, na padre akaeleza kwamba zamani mgeni hakupita lango moja kwenda la pili kabla ya kuulizwa yeye ni nani, kaletwa na nini na ataondoka lini. Baba alisimama katikati ya njia.

"Kila lango?"

"Kila lango, ndugu mwenyekiti."

"Filomena, umesikia? Hawa walijua kazi!"

Akaingia kwenye kibanda cha mlinzi, akatoa uso dirishani, akatuangalia mmoja mmoja kwa ukali. Shangazi alicheka mpaka kitenge kikalegea. Kuanzia hapo padre alikuwa na mwanafunzi. Wakatangulia wawili, baba anauliza habari za makufuli na daraja la kuinuliwa kwa minyororo, shangazi na wajumbe wengine wanawafuata wakipiga picha, na mimi na mtafsiri tukabaki nyuma kama mizigo iliyosahaulika.

"Koku," akasema, kwa sauti ile.

"Usiniite hivyo, shangazi ana masikio."

"Nikuite mwalimu?"

"Niite mjumbe wa parokia."

"Mjumbe wa parokia umependeza mpaka mie nimesahau Kijerumani chote."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kikawa karibu kilio. Alinishika vidole viwili tu. Akanivuta kwenye chumba kimoja cha juu, cheupe, kitupu, chenye dirisha kubwa linaloangalia mto. Ukutani, pande zote mbili za dirisha, kulikuwa na viti vya jiwe vilivyochongwa humo humo ndani ya ukuta. Nikakaa kimoja, yeye akakaa cha pili, magoti yetu yakagusana.

Alikuwa na mengi ya kunionyesha. Akanieleza habari za malaika asiye na pua aliyemtengenezea pua, za fundi mkuu, mzee mkali anayeongea na mbao kabla ya kuikata, za patasi ambazo hajawahi kuziona kwingine. Nilimtazama mdomo unavyokwenda mbio na nikafurahi kwa ajili yake. Kisha akaanza kukwaruza jiwe kwa ukucha.

"Sema," nikamwambia. "Nakujua."

"Kuna ishu. Fundi mkuu anataka nibaki. Miaka miwili tena. Ijumaa nampa jibu."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijasema kitu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Uningoje mimi niseme nini, Albano?"

"Useme utanisubiri. Miaka miwili siyo mingi, Koku. Narudi fundi kamili, hata mzee wako hatakuwa na neno. Kuna kazi humu hata baba yangu hakuwahi kuota kuishika. We si unaona?"

Naona. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilikuwa naona. Ningemwambiaje mtu atupe kitu anachokipenda namna ile? Niliweka mkono kwenye kiti changu cha jiwe ili nisimguse yeye, na vidole vyangu vikaingia kwenye bonde. Katikati ya kiti palikuwa pamelika, laini kama sahani.

"Nani alikuwa anakaa hapa?" nikauliza.

"Hapa? Wake wa mabwana wa ngome. Wenyewe walikuwa wanakaa mji mwingine huko mbali na shughuli zao, wake zao wanawaacha huku. Walikuwa wanakaa hapo dirishani, wanaangalia barabara."

Akataja jambo lile hivi hivi, kama mtu anayekuonyesha choo kilipo. Mimi nikainuka.

"Umekalia nini, unajua?" nikamwambia. "Umekalia benchi la Mutukula."

"Benchi gani?"

"Albano, miaka miwili ya kwanza mtu anasubiri kwa mapenzi. Baada ya hapo anasubiri kwa mazoea, anaangalia basi tu. Mie nakupenda mpaka naumwa, lakini kwenye hiki kiti sikai. Baba yangu alikataa nisikae hapa hata kabla hajajua kipo."

"Kwa hiyo unaniambia nichague?"

"Sikuambii kitu. Ijumaa si unaenda kujibu? Jibu."

"Koku, we ni mkali kama baba yako."

"Asante. Amenilea vizuri."

Nikatoka kabla hajaniona ninavyolia. Kwenye ngazi nikakutana na shangazi anahema, simu mkononi. Akaniangalia usoni. Nilitegemea maneno makali kama kisu, lakini akachukua ncha ya kitenge chake akanifuta.

"Ee waitu," akanong'ona. "Kumbe unampenda kweli."

"Ndiyo, shangazi."

"Nilidhani ni ujinga tu wa kwaya."

Mchana padre alitangaza kwamba tunakwenda kula keki ng'ambo, kwenye duka la Waaustria. Akamtuma Albano atangulie kutushikia meza. Albano akapita mbele yangu bila kuniangalia, nami nikawa natazama mlima.

Tukafika darajani. Padre akakanyaga mbele kwa miguu yake mirefu, wajumbe wengine wakamfuata wakipiga gumzo, na wote wakavuka salama salimini kwenda kwenye keki. Baba akasimama pale daraja linapoanza. Pembeni kulikuwa na kibanda kidogo cha mbao, kizuizi cha zamani cha njano na nyeupe kimeinuliwa juu, na dirishani amekaa msichana mwenye sare ya bluu.

Baba alifungua kifungo cha mfuko. Akatoa pasipoti, akatoa mpira, akajinyoosha shati, akatuambia, "Pangeni mstari."

Tukapanga. Mimi na shangazi, watu wawili nyuma ya baba.

"Good afternoon," baba akasema, akazisogeza pasipoti dirishani, zimefunguliwa ukurasa wa picha. "Three persons. Visiting."

Msichana alizitazama pasipoti. Akatutazama sisi. Akamuuliza baba kitu kwa Kijerumani, akaonyesha nyuma yake, na hapo ndipo sote watatu tukaiona ile picha kubwa ya koni ya aiskrimu.

Shangazi alipiga mluzi wa ndani kwa ndani. Mimi niliuma mdomo. Kibanda kilikuwa cha uhamiaji kweli, miaka hiyo. Siku hizi kinauza aiskrimu.

Msichana hakucheka. Nitamshukuru maisha yangu yote. Alimrudishia baba pasipoti kwa mikono miwili, taratibu. Lakini masikio ya baba yalikuwa yamegeuka rangi. Alizikusanya, akatembea mpaka katikati ya daraja, pale palipochorwa mstari na kubandikwa kibao cha nchi mbili, akasimama nyuma ya mstari na mikono mgongoni.

"Baba, twende," nikamwambia. "Wenzetu wanatusubiri."

"Sivuki."

"Kaka, ni keki tu!" shangazi akalia.

"Filomena, nimewarudisha watu wangapi mimi kwa kukosa muhuri? Akina mama na vikapu vyao, wamekuja kwa miguu, nikawaambia bila muhuri hakuna kupita. Leo nipite mimi kwa sababu ya keki? Basi niliwaonea wale wote. Nendeni nyie. Mimi nitawasubiri hapa."

Hakuna aliyekwenda. Tulisimama pale, upepo unatupiga, Wazungu wanatupita na baiskeli wakihama nchi bila hata kupunguza mwendo.

Albano akaja kututafuta. Alikuja anakimbia kutoka upande wa pili, koti linapepea, na mdomo umeshafunguka kusema mzee hapa hakuna shida mnapita tu. Kisha akaona. Akaona pasipoti mkononi mwa baba, akaona kile kibanda kule nyuma yetu, akaona masikio ya baba. Nikamwona anaelewa.

Angeweza kucheka, na mimi nisingemsamehe. Yeye alipunguza mwendo. Akafunga vifungo vya koti, akatembea mpaka kwenye mstari, akasimama upande wake miguu pamoja. Akatoa pasipoti yake kwenye mfuko wa ndani. Akaishika kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Shikamoo, afande. Naomba kuingia."

Baba alimwangalia muda mrefu. Halafu mgongo wake ukanyooka, mabega yakapanda, na akapokea ile pasipoti.

"Jina kamili?"

"Albano Sebastian Likanga."

"Unatoka wapi?"

"Mbagala, Temeke."

"Unakwenda wapi?"

"Kinondoni."

Shangazi alikohoa.

"Kwa nani?" baba akauliza, akigeuza kurasa.

"Kwa Mzee Revelian."

"Anakufahamu?"

"Ananifahamu nusu, mzee. Aliwahi kunisifu kanisani."

"Umewahi kukataliwa kuingia?"

"Ndiyo, mzee. Na afisa huyu huyu."

Mdomo wa baba ulicheza upande mmoja, akaurudisha. "Madhumuni ya safari?"

Albano hakuniangalia mimi, alimwangalia baba.

"Posa."

Shangazi alinishika kiuno, sijui alikuwa ananizuia au ananishikilia.

"Muda wa kukaa?"

"Mpaka mmoja wetu azikwe, mzee."

"Hiyo siyo tarehe."

"Tarehe siijui. Ningeijua ningekuambia."

Baba alifunga pasipoti. Nilijua swali gani linakuja. Nimelisikia tangu utotoni, mezani, getini, kila mahali. Alikuwa anatuambia kwamba mengine yote mtu anaweza kuyakariri, lakini hili ndilo linalomtenga mkweli na mwongo.

"Tiketi ya kurudi."

Albano aligeuza kichwa, akaitazama ngome juu ya kilima, ukuta baada ya ukuta, mpaka kule mwisho kwenye lile dirisha letu. Alilitazama kama mtu anayemuaga mtu. Kisha akanitazama mimi.

"Sina," akasema.

"Huna?"

"Sina, mzee. Nikiingia kwa Koku, sina pa kurudi. Sikukata ya kurudi na sitaikata."

Mto ulipita chini yetu, maji ya kijani, yanakwenda mbio.

"Kijana," baba akasema, na sauti ilikuwa ya ofisini kabisa, "msafiri asiye na tiketi ya kurudi hapiti."

"Baba!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, Koku, niko kazini. Wewe kijana, unajua msafiri kama huyo tunamfanyaje?"

"Sijui, mzee," Albano akajibu. Uso ulikuwa umemshuka.

"Tunamrudisha alikotoka. Ulisema unatoka wapi?"

"Mbagala."

"Basi nakurudisha Mbagala."

Albano alisimama tu, hajaelewa. Mimi nilielewa kabla yake, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mwaka wako uumalize, kazi ya watu haiachwi katikati," baba akaendelea. "Ila nasikia fundi wako anataka miaka mingine. Padre ameniambia. Hiyo hakuna. Ukimaliza unapanda ndege, unateremka Dar es Salaam, unapanga mstari, unagongewa muhuri kama watu. Halafu tafuta mshenga. Mtu mzima, si rafiki yako wa kijiweni. Aje getini kwangu mchana kweupe, nimwulize maswali yangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Kuchonga utachongea wapi?"

"Kule kule nyuma ya kanisa, mzee, wakinirudishia kibanda. Na yote niliyojifunza humu nakuja nayo."

"Una pingamizi na amri hii?"

Na Albano Likanga, mtoto wa Mbagala, mwenye fundi anayempenda na malaika wasio na pua bado wanamsubiri, akainua uso wake machozi yanamtiririka bila aibu yoyote.

"Sina, mzee. Nirudishe."

Baba akamrudishia pasipoti yake. Kwa mikono miwili, kama yule msichana wa aiskrimu. Shangazi alikuwa ameshaanza kulia kwa sauti, anasema Mmakonde ana adabu, Mmakonde huyu ana adabu jamani, kama vile ni mtu mwingine aliyekuwa anamtukana miezi yote hiyo.

"Na wewe," baba akanigeukia.

"Abee, baba."

"Umebeba chochote cha kutangaza?"

Nilitaka kusema neno la maana, neno la mwalimu mwenye digrii. Halikuja.

"Nampenda, baba. Tangu kituo cha sita."

"Kituo cha sita ndiyo nini?"

Nikagusa shavu langu. Albano akatazama viatu vyake. Baba alinikodolea macho, akakodoa zaidi, na nikaiona Kwaresima nzima ikipita usoni pake, magoti na rozari na kila kitu.

"Yaani Veronika…"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimempigia magoti?"

"Kila Ijumaa, baba."

Alivua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akazipekua zile pasipoti tatu, akaitoa yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Kinondoni akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake.

"Shika mwenyewe," akasema. Akasogea kando, akauacha mstari wazi mbele yangu. "Mimi na shangazi yako tutakula aiskrimu huku. Wewe pita."